Nani Anasonga Hapo?

Mwalimu aliyetufundisha kemia kuanzia kidato cha tatu, katika shule moja ya kutwa mjini Mombasa, alikuwa na mazoea ambayo mwanzoni yalituchosha. Mwanafunzi akisimama kujibu, alimwacha amalize, kisha akamtupia swali moja fupi: "Nani?" Ukimwambia chumvi iliyoyeyushwa kwa moto hupitisha umeme kwa sababu chembe zake husonga, alitaka kujua nani anasonga. Ukimwambia klorini ni gesi kwa sababu nguvu zake ni dhaifu, aliuliza nani amemshika nani. Ukisema mmenyuko huenda kasi ukipashwa joto, alikuuliza nani anamgonga nani, na akimgonga inakuwaje. Hakukubali uitwike elektroni kazi ya ioni, wala atomu kazi ya molekuli.

Miaka imepita, nami sasa ni mwalimu wa somo hilohilo katika Kaunti ya Kajiado, na kila muhula nasahihisha marundo ya karatasi. Kadiri ninavyosahihisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali lake lile lilikuwa ndilo somo lenyewe. Wanafunzi wengi wanaokosa alama katika maswali mafupi ya kemia hawakosi kwa kutojua kemia. Wanajua, lakini jibu lao halina mtenda. Wameandika "nguvu", "chembe", "inasonga", "hiyo", wakamwachia msahihishaji kazi ya kukisia, na msahihishaji haruhusiwi kukisia.

Kemia ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ina karatasi tatu. Ya kwanza ni ya maswali mafupi, alama 80 kwa saa mbili. Ya pili ni ya maswali yenye vipengele, pale swali moja linapogawanywa (a), (b), (c) na kuendelea, nayo pia ina alama 80 kwa saa mbili. Ya tatu hufanyiwa maabarani, alama 40 kwa saa mbili na robo. Hakuna insha. Hakuna mahali pa kujieleza ukurasa mzima hadi ukweli ujitokeze wenyewe katikati ya maneno. Alama 160 kati ya 200 hutafutwa kwa sentensi moja moja, mlinganyo mmoja mmoja, hesabu ya mistari mitatu. Dakika 120 kwa alama 80 ni dakika moja na nusu kwa kila alama, na ndani ya dakika hiyo na nusu mna kusoma, kufikiri na kuandika. Aliyezoea kuzunguka huishiwa na muda kabla hajafika.

Chukua swali ambalo huulizwa kwa sura nyingi: eleza kwa nini klorini ni gesi katika joto la kawaida. Alama mbili. Jibu ninalolisoma mara kwa mara ni hili: "Kwa sababu bondi za kovalenti ni dhaifu." Mwanafunzi huyo ana nusu ya habari. Anajua klorini ina bondi ya kovalenti, na anajua kuna kitu mahali fulani kilicho dhaifu. Amekosea nani. Ndani ya molekuli moja ya klorini, atomu mbili zimeshikana kwa bondi imara. Klorini ikichemka, kwenye nyuzi −34 za selisiasi, bondi hiyo haiguswi. Gesi ya kijani-manjano iliyomo ndani ya chupa bado ni molekuli za atomu mbilimbili. Kilichoachana ni molekuli na jirani yake, kwa kuwa mvutano kati yao ni mdogo. Jibu kamili halizidi mstari mmoja na nusu: klorini ni molekuli, na nguvu za mvutano kati ya molekuli na molekuli ni dhaifu, kwa hiyo joto dogo latosha kuzitenganisha. Msahihishaji akiona "kati ya molekuli", anatoa alama. Akiona "bondi za kovalenti ni dhaifu" hana njia, kwa sababu mwanafunzi amesema kwamba atomu za klorini huachana kila klorini inapochemka, na hilo si kweli.

Umeme ndio uliomfanya mwalimu wetu asimame ubaoni muda mrefu zaidi. Alichora vitu vitatu: waya wa shaba, kipande cha grafiti, na chombo chenye chumvi ya mezani iliyoyeyushwa. Vyote vitatu hupitisha umeme. Akatutaka tueleze kila kimoja kwa sentensi moja, na sentensi hizo zisifanane. Katika shaba, wanaosonga ni elektroni za nje za atomu za metali, ambazo hazijafungwa kwa atomu moja. Katika grafiti, kila atomu ya kaboni imetumia elektroni tatu kati ya nne za nje kujiunga na majirani watatu, ile ya nne ikabaki huru kusonga kwenye tabaka lake. Katika chumvi iliyoyeyuka hakuna elektroni huru hata moja. Wanaosonga ni ioni, za sodiamu kuelekea upande hasi na za kloridi kuelekea upande chanya. Na chumvi hiyohiyo ikiwa bado kigumu haipitishi kitu, kwa sababu ioni zipo, tena zote, ila zimebanwa mahali pake. Ili zifunguke unahitaji zaidi ya nyuzi 800 za selisiasi, au maji ya kuziyeyusha.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba swali la alama mbili mara nyingi linadai vitu viwili tu: nani, na anafanya nini. Ioni, ziko huru kusonga. Molekuli, mvutano kati yake ni dhaifu. Mwanafunzi akitaja mtenda bila tendo anapata alama moja, akitaja tendo bila mtenda mara nyingi hapati kitu, na hapo ndipo wanapolalamika kwamba wameonewa.

Sasa, maabarani mambo yaligeuka. Mwalimu yuleyule aliyetudai majina darasani alitukataza kabisa kuyataja tukiwa tumeshika neli ya majaribio. Karatasi ya tatu hutoa nafasi mbili: mahali pa kuandika ulichokiona, na mahali pa kuandika unachokiamini kutokana na ulichokiona. Tulipodondosha asidi kwenye chumvi fulani, mwenzetu mmoja akaandika katika nafasi ya kwanza, "Kaboni dioksaidi imetoka." Mwalimu akainama juu ya meza yake. "Hiyo kaboni dioksaidi uliyoiona ina rangi gani?" Haina rangi, Mwalimu. "Basi umeiona vipi?" Kimya. "Umeona nini?" Mapovu. "Andika mapovu. Mapovu ya gesi isiyo na rangi." Anayeandika matokeo ya jaribio ni kama shahidi mahakamani: aseme alichokiona kwa macho yake, hukumu ina mahali pake. Kaboni dioksaidi itapata jina lake baadaye, ikishapitishwa kwenye maji ya chokaa na mashapo meupe yakaonekana.

Wengi huona sheria hiyo kuwa ubishi mtupu wa watahini. Mimi naiona kuwa ndiyo uti wa mgongo wa sayansi. Mtoto akizoea kuandika jina kabla ya kutazama, ataacha kutazama. Ataona mashapo meupe akakimbilia jina, bila kusubiri kuona kama yatayeyuka akizidisha sodiamu haidroksaidi. Na jibu lote liko hapo. Mashapo meupe yanayoyeyuka ukiizidisha yanakuachia zinki, alumini na risasi. Ukirudia kwa mmumunyo wa amonia na mashapo yakayeyuka ukizidisha, ni zinki. Yasipoyeyuka, bado una alumini na risasi mkononi, na matone ya potasiamu iodidi yatawatenganisha: risasi hutoa mashapo ya manjano angavu, alumini haitoi kitu. Na huko kutotoa kitu ni jibu pia. "Hakuna mashapo" huandikwa na hupewa alama, kwa sababu kumemwondoa mmoja kwenye orodha. Nimesahihisha karatasi za vijana walioacha nafasi hiyo wazi wakidhani jaribio limeharibika.

Kuna maneno mengine ya maabarani yanayopoteza alama kimyakimya. Mmumunyo wa kopa salfeti ni angavu, unaona upande wa pili, lakini una rangi ya samawati. Kwa hiyo "angavu" haiwezi kushika nafasi ya "usio na rangi". Gesi ya haidrojeni hupimwa kwa kijiti kinachowaka mwali, nayo hulipuka kwa mlio mdogo. Oksijeni hupimwa kwa kijiti chenye kaa tu, nacho huwaka upya. Anayeandika "kijiti" bila kusema cha namna gani amemwachia mtahini achague, na mtahini hachagui.

Hewa ya Mombasa ilitusaidia kujifunza kutazama. Vidonge vya sodiamu haidroksaidi, vyeupe na vikavu vikitoka kwenye chupa, ukiviweka kwenye kioo cha saa havikai hata robo saa. Kwanza hung'aa. Kisha hushikana. Kisha chini yake hujitokeza tone, na ukirudi baada ya kipindi kingine unakuta kidimbwi. Mwalimu alituketisha tukitazame kidonge kimoja, kila mtu aandike anachokiona, ndipo aeleze. Kuona kulikuwa "kidonge kimelowa, kimeyeyuka polepole". Kueleza kulikuwa "kimenyonya mvuke wa maji kutoka hewani, kikayeyuka ndani yake". Sehemu mbili, alama mbili, na katika ile ya pili nani ni mvuke wa maji, naye ametoka hewani, hakutoka ndani ya kidonge kama nusu ya darasa ilivyokuwa imeandika.

Somo lililoniingia zaidi kuliko yote lilitoka kisimani kwetu. Mombasa imekaa juu ya miamba ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Mvua ikinyesha, maji yake hubeba kaboni dioksaidi kidogo kutoka hewani na udongoni, nayo huuyeyusha mwamba polepole, hivyo maji hufika kisimani yamebeba kalsiamu. Mama akifua, kipande cha sabuni kilikuwa kinaisha povu halijatokea, na beseni lilibaki na utando wa kijivu uliohitaji kusuguliwa kwa mchanga. Birika la chai lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Siku aliyotufikisha kwenye mada ya maji magumu, mwalimu aliandika ubaoni: eleza kwa nini maji ya kisima cha kwenu hayatoi povu upesi, alama mbili. Karibu sote tuliandika jibu moja: kwa sababu ni maji magumu.

Alisoma majibu yetu akitikisa kichwa. Alituambia tumempa jina la hali, wakati alichoomba ni sababu. Maji hayakatai povu kwa sababu yanaitwa magumu. Yanaitwa magumu kwa sababu yanakataa povu. Nani yumo ndani ya maji hayo? Ioni za kalsiamu. Zimefanya nini? Zimekutana na sabuni, ambayo ni sodiamu stiareti, zikaungana na ile sehemu ya stiareti na kuunda kalsiamu stiareti isiyoyeyuka majini. Hiyo isiyoyeyuka ndiyo utando wa beseni. Sabuni huendelea kuliwa namna hiyo hadi ioni za kalsiamu ziishe, ndipo inayobaki itoe povu. Na ukoko wa birika? Ni kalsiamu haidrojeni kaboneti iliyovunjika kwa joto na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, mwamba uleule wa matumbawe uliosafiri hadi jikoni. Nilifika nyumbani jioni hiyo nikamweleza mama yote, naye akasikiliza, kisha akaniuliza swali la mtu mwenye akili: basi tukiyachemsha kwanza tutaokoa sabuni? Ndiyo, kwa sehemu ile ya ugumu inayoondoka kwa kuchemsha. Nilimjibu kwa sentensi mbili, na nilijua kila neno limekaa mahali pake.

Kutu nayo ni hivyohivyo, nitaipitia upesi. Mabati ya Pwani hushika kutu mapema kuliko ya bara, na kila mtoto wa Pwani akiulizwa sababu husema "chumvi". Chumvi peke yake si sababu, ni mshukiwa tu. Ioni za chumvi zikiyeyuka katika unyevu uliotanda juu ya chuma, unyevu huo hupitisha umeme vizuri zaidi, na chuma hupoteza elektroni zake kwa wepesi zaidi.

Nilipoanza kufundisha nilikuta utamaduni ambao sijaupenda na sitaupenda. Wanafunzi hununua vitabu vya maswali yaliyopita na majibu yake, wakayakariri majibu yale neno kwa neno. Shule nyingine huufanya kuwa ndio mpango wa kidato cha nne: kila siku karatasi, kila jioni mwongozo wa kusahihisha. Sina ugomvi na kufanya mazoezi kwa maswali ya zamani. Bila hayo mtoto hajui mtihani unaongea lugha gani. Ugomvi wangu ni na jibu linalokaririwa likiwa limeng'olewa kwenye swali lake. Niliwahi kuwa na mwanafunzi, msichana mwenye bidii kubwa, ambaye alikuwa amekariri kwamba grafiti hupitisha umeme kwa sababu ya elektroni zilizo huru. Sentensi hiyo ilimpa alama mara moja, akaipenda. Baada ya hapo ikajitokeza kila mahali. Chumvi iliyoyeyuka: elektroni zilizo huru. Asidi ndani ya maji: elektroni zilizo huru. Hata sukari, ambayo mmumunyo wake haupitishi umeme, aliipa elektroni.

Nilimwambia aweke vitabu vile kando kwa muda, tukaanza kuchora. Kabla ya kuandika jibu lolote la "eleza", achore kwa penseli, pembeni mwa karatasi, vimduara vichache vya kilichomo ndani ya chombo. Chumvi ndani ya maji: aweke alama ya chanya hapa na ya hasi pale. Sukari ndani ya maji: molekuli nzima, haina chanya wala hasi. Aulize ni nani kati ya hao anaweza kusonga akiwa amebeba chaji. Kwa sukari hakuna. Ilimchukua muda kuliamini jibu la "hakuna", kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ulikuwa umemzoesha kwamba lazima kuna kitu cha kuandika. Lakini alipoanza kuuona mchoro akilini bila penseli, majibu yake yalifupika yenyewe. Mimi sikumfundisha ufupi hata siku moja. Aliyekwisha kuona kilichomo ndani ya chombo hana haja ya maneno mengi.

Maswali yenye vipengele, yale ya karatasi ya pili, yana hila yake nzuri, na nasema nzuri kwa sababu humzawadia anayesoma. Tuseme umepewa poda ya kijani iitwayo K. Imepashwa moto ikabaki poda nyeusi L, na gesi M isiyo na rangi ikatoka. M ikaleta mashapo meupe katika maji ya chokaa. L ikatiwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na yenye joto, ukapatikana mmumunyo N wa samawati. Amonia ikazidishwa katika N, rangi ikawa samawati iliyokolea sana. Kipengele (a) kinakuuliza K ni nini, na huko mwanzoni una neno moja tu la kushika, nalo ni "kijani". Mwenye haraka anakumbuka kwamba chumvi za chuma huwa za kijani, anaandika chuma, na kuanzia hapo kila kipengele kinachofuata kinaanguka juu ya kingine. Aliyesoma hadi mwisho anaanzia mwisho: samawati iliyokolea ndani ya amonia ni ya ioni za shaba. Basi L nyeusi ni kopa oksaidi. Maji ya chokaa yanasema M ni kaboni dioksaidi. Kwa hiyo K ni kopa kaboneti, na (a) imejibiwa kwa msaada wa sentensi ya mwisho. Nawahimiza wanafunzi wangu wasome swali zima mara mbili kabla kalamu haijagusa karatasi, hata kama jirani yao amekwisha kugeuza ukurasa. Dakika inayotumika hapo hurudi na faida.

Jambo jingine ambalo vijana hawapendi kulisikia: usitoe majibu mawili. Swali likidai gesi moja, nawe ukaandika "haidrojeni au oksijeni", umejisafishia njia ya kukosa, kwa kuwa jibu lisilo sahihi huliua lile sahihi lililo kando yake. Chagua. Kama hujui, fikiri na uchague. Katika milinganyo, sawazisha kwanza, kisha rudi uandike hali ya kila kitu, kigumu, kimiminika, gesi au kilichoyeyuka majini. Kuisahau hukugharimu nusu alama, na nusu alama hizi zikikusanyika mtu hushuka gredi. Katika hesabu, andika kila hatua. Ukipata kwamba sentimita za ujazo 24.0 za asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1 zimebatilisha sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksaidi, usiruke moja kwa moja hadi 0.096. Andika kwamba moli za asidi ni 0.0024. Andika kwamba uwiano ni mmoja kwa mmoja. Kisha gawanya. Mstari ule wa uwiano ndio wanaouruka, kwa kuwa hapa kuuruka hakuna madhara. Siku watakapopewa sodiamu kaboneti, ambayo hutaka asidi moli mbili kwa kila moli yake moja, ndipo kuuruka kutawaponza. Tena hatua zilizoandikwa humwezesha msahihishaji kukufuata: akiona umeteleza mahali pamoja lakini njia ni sahihi, mara nyingi ana la kukupa. Jibu la mwisho likiwa peke yake na si sahihi, hana.

Mtihani ni wa Kiingereza, na hapa Kajiado wanafunzi wangu wengi hufikiri kwa Kimaasai na kubishana kwa Kiswahili. Sijawahi kuwazuia. Nikiwapa swali la "eleza", nawaacha wabishane kwa lugha yoyote hadi wakubaliane nani amefanya nini, ndipo waandike kwa Kiingereza. Nimeona kwamba anayeshindwa kuandika Kiingereza cha mistari miwili mara nyingi hajashindwa na Kiingereza. Alikuwa hajaamua bado anachotaka kusema. Akishaamua, maneno machache aliyonayo humtosha.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni wetu sisi walimu. Watahini wa Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya hukutana na kuoanisha usahihishaji wao kabla ya kazi kuanza, ili jibu lililo sahihi kwa maneno mengine lisitupwe. Mwalimu aliye peke yake usiku na rundo la karatasi hana wa kumuuliza. Anashika mwongozo, anatafuta neno, asipoliona anakata. Hivyo tunawafundisha watoto kwamba kemia ni neno la kubahatisha, halafu tunashangaa wakikariri.

Muhula uliopita shule kadhaa za eneo letu zilitunga mtihani wa mwigo kwa pamoja, tukakaa meza moja kusahihisha. Swali mojawapo lilihusu Ziwa Magadi, ambalo liko kaunti hii hii. Magadi ya ziwani yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100; hupashwa moto yakatoa maji na kaboni dioksaidi, ikabaki sodiamu kaboneti inayokwenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Swali lilisema: eleza kwa nini magadi hayajaisha ziwani, alama mbili. Mwongozo wetu ulidai chemchemi za maji moto zinazoleta chumvi, na jua kali linalokausha maji. Karatasi moja ilikuja mikononi mwangu, na mwanafunzi alikuwa hajaandika neno chemchemi wala neno jua. Alikuwa ameandika kwamba ziwa halina mto wa kutokea, kwa hiyo maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu; ioni za sodiamu na za kaboneti haziwezi kuondoka na mvuke; basi kila maji mapya yanayoingia huacha ioni zake hapo.

Mwenzangu wa kushoto alisema anastahili alama moja, mwongozo ni mwongozo. Nikawasomea wote jibu lile kwa sauti, polepole, nikawauliza ni nini ndani yake kisicho kweli. Hakuna aliyekitaja. Nikawauliza kama amesema nani ameondoka na nani amebaki. Amesema. Mwalimu mmoja mkongwe, aliyekuwa hajatia neno tangu asubuhi, akasema kwamba huyu ameeleza zaidi ya sisi tuliotunga swali. Tukampa alama zote mbili, tukaliongeza jibu lake kwenye mwongozo, kisha tukazifungua tena bahasha za shule zilizokwisha kusahihishwa, tukatafuta kama kuna mwingine aliyesema hivyo.